Majibu Safi, Moyo Hautulii

Mwanamke akiambiwa "mama, hatujaona kitu kibaya", nyumba nzima hushusha pumzi. Naye hushusha, siku mbili tatu, pengine wiki. Kisha usiku mmoja taa zimezimwa, mkono unarudi pale pale palipompeleka hospitali. Anabonyeza. Kipo, hakipo? Anabonyeza tena. Kufika alfajiri titi linauma, na yale maumivu anayashika kama ushahidi kwamba waliompima hawakuona sawasawa.

Sisi tunaokaa na wanawake waliopimwa matiti tumeliona hili mara nyingi mno hata tukaacha kuliita woga. Lina mwenendo wake, lina vichocheo vyake, na sehemu kubwa yake hurekebishika pakiwa na maelezo ambayo kila mwanamke angestahili kupewa kabla hajatoka mlangoni na bahasha yake ya kaki.

Anayeona aibu kwa kuendelea kuhofu aanze na hili. Denmark walifuatiliwa wanawake 454 ambao picha zao za matiti zilitia shaka wakaitwa kupimwa zaidi, wakalinganishwa na wenzao ambao picha zilitoka safi mara ya kwanza. Matokeo yalichapishwa 2013. Miezi 6 baada ya kuambiwa hawana kansa, wale walioitwa bure walikuwa wamepoteza utulivu wa moyo kwa kiwango sawa na wanawake waliokutwa na kansa yenyewe. Miaka 3 ilipopita bado hawakuwa sawa na wale ambao hawakuitwa kabisa. Kwa hiyo anayekuambia "si umeshapimwa, unawaza nini tena?" anataka hofu iishe kwa karatasi, na hofu haiishi hivyo.

Jambo la pili ni kuitwa mara ya pili kwenyewe. Uingereza, ambako wanawake huitwa kila baada ya miaka 3 kuanzia umri wa miaka 50, katika kila 100 wanaopigwa picha takriban 4 huitwa warudi. Kati ya hao 4, takriban mmoja ndiye hukutwa na kansa. Watatu huambiwa waende nyumbani. Hao watatu ndio tunaozungumza nao hapa, pamoja na wengine ambao hawakuitwa popote, walikwenda tu na uvimbe wao wakarudi na jibu zuri.

Sasa karatasi. Kwetu majibu ya picha huandikwa kwa Kiingereza cha madaktari, na mara nyingi mgonjwa huelezwa kwa sentensi moja, amesimama, foleni ikiwa nyuma yake. Akifika nyumbani anampa mtoto wa sekondari amsomee, na mtoto anaanza kutafuta neno moja moja kwenye simu. Hapo ndipo wasiwasi mwingi huzaliwa, maana kila neno likitafutwa peke yake huleta ukurasa wa kansa.

Tafuta kwanza herufi BI-RADS na namba inayofuata. Mpangilio huo ulitungwa na chuo cha madaktari wa radiolojia cha Marekani, na hospitali nyingi za Afrika Mashariki huutumia. Namba 1 maana yake hakuna chochote cha kutaja. Namba 2 maana yake kuna kitu kimeonekana, kinajulikana ni nini, na si kansa: kifuko cha maji, faibroadenoma (uvimbe wa tezi na nyuzi usio kansa) ya siku nyingi, tezi ndogo ya limfu, chembe za chokaa za kawaida. Kwa upande wa kansa, 1 na 2 zina uzito mmoja. Wapo wanaolia kwa kupata 2 wakidhani wamepanda daraja kuelekea ugonjwa. Namba 0 haina maana ya "hakuna kitu", na hili huwakosesha watu miadi muhimu. Maana yake ni kwamba kazi haijakamilika, picha nyingine zinahitajika. Namba 4 na 5 ndizo za kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha titi kikapimwe maabara, na 6 ni ya mtu ambaye kansa yake imeshathibitishwa. Walioko Uingereza wataona namba za 1 hadi 5 za mpangilio wao wenyewe, wasizichanganye na hizi.

Namba 3 ndiyo inayotesa kuliko zote. Maana yake ni "karibu hakika si kansa", uwezekano wa kansa hauzidi 2 kati ya 100, na mgonjwa huambiwa arudi baada ya miezi 6, kisha mwaka, kisha miaka 2. Anachosikia mwanamke ni "hatujui, kangoje". Wengi hawangoji. Baada ya wiki tatu wanakwenda hospitali nyingine, mashine nyingine, mkono mwingine. Kule kwanza uvimbe uliandikwa mm 11, huku unaandikwa mm 13, na familia inaingia kilio kwamba umekua. Haukukua. Kipimo cha utrasaundi hutegemea pembe ambayo mpimaji ameshikia kifaa, na tofauti ya mm 1 au 2 kati ya watu wawili ni ya kawaida. Daktari hushtuka uvimbe ukiongezeka zaidi ya asilimia 20 ya urefu wake ndani ya miezi 6, umepimwa kwa namna ile ile. Ndiyo sababu wakasema miezi 6: kwa wiki tatu hakuna mabadiliko ambayo picha inaweza kuyasoma kwa uhakika.

Kwenye karatasi hiyo hiyo utaona herufi A, B, C au D kuhusu uzito wa titi. Si alama za mtihani. Zinaeleza ni kiasi gani cha titi ni tezi na nyuzi, na kiasi gani ni mafuta. Marekani karibu nusu ya wanawake wa miaka 40 na kuendelea wana C au D. Tezi huonekana nyeupe kwenye mamogramu, ile picha ya eksirei ya titi, na kansa pia huonekana nyeupe, kwa hiyo kwenye titi zito kitu kidogo huweza kujificha. Ndiyo maana mwenye C au D, na hasa msichana au mama kijana, huongezewa utrasaundi. Ukiongezewa kipimo, basi, usidhani wameona kitu wakakuficha.

Kuna sentensi nyingine karibu kila ripoti inayo, inayosema matokeo yalinganishwe na hali ya mgonjwa. Inasomeka kana kwamba aliyepiga picha hana hakika. Ni desturi ya uandishi wao tu: yeye ameona picha, hajakugusa, kwa hiyo anamkumbusha daktari aliyekutuma aunganishe picha na alichohisi kwa mikono.

Halafu kuna suala la saa, ambalo kwa Waswahili linahitaji maelezo yake peke yake. Madaktari huelezea mahali pa uvimbe kwa uso wa saa ya ukutani, kama ulivyo machoni pa mtu anayekutazama kwa mbele, chuchu ikiwa katikati. Wakisema titi la kushoto, saa 2, sm 4 kutoka chuchuni, wanamaanisha pale tarakimu 2 ilipoandikwa, yaani juu, upande wa kwapa. Sisi mshale ukiwa kwenye 2 tunaita saa nane, na saa mbili yetu mshale uko kwenye 8. Mwanamke akiambiwa saa mbili anaweza kwenda kutafuta chini, upande wa kifua katikati, kona iliyo kinyume kabisa. Na huko atapata kitu, maana huko kuna kingo za mbavu na ule mkunjo mgumu wa chini ya titi. Anarudi na "uvimbe wa pili" ambao haupo. Mwombe daktari akuguse kwa kidole chake mahali penyewe, au akuchoree duara kwenye karatasi aweke alama.

Waliochukuliwa kinyama kwa sindano wana wasiwasi wa aina yao. Sindano huacha damu iliyovia ndani. Siku za kwanza ngozi huwa ya zambarau au nyeusi zaidi, kisha pale sindano ilipopita hutokea kigumu kama punje ya harage, na huweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kuyeyuka. Mtu aliyeingia na uvimbe wa mm 9 anahisi wa mm 20 na kusema umechokozwa. Imani kwamba kansa ikiguswa na chuma inasambaa ni kongwe huku kwetu na imeua wengi kwa kuwafanya wakimbie kipimo. Kigumu hicho ni damu. Kinachotakiwa kukurudisha hospitali mapema ni homa, usaha, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua baada ya siku ya tatu.

Jibu la kinyama likitoka zuri, uliza swali moja: je, majibu haya yanalingana na kilichoonekana kwenye picha? Jibu likiwa ndiyo, mambo matatu yamekubaliana, yaani mikono, picha na kinyama, na hicho ndicho kiwango cha uhakika kinachotumika duniani kote. Likiwa hapana, kurudia kuchukua kinyama ni haki yako na ni kazi sahihi. Vilevile karatasi ikisema sampuli haikutosha, hilo si jibu safi. Hapo bado hujapimwa.

Tuingie kwenye vidole, maana huko ndiko hofu inakoishi siku hadi siku.

Titi halikuumbwa laini kama unga uliokandwa. Juu upande wa kwapa ndipo tezi zilipojaa zaidi, kwa hiyo huko ni pazito na pana vinundu kwa karibu kila mwanamke. Chini kuna ukingo wa mkunjo. Kwenye titi dogo unagusa mbavu, na kila ubavu ni kigumu kipya kwa mwenye hofu. Kwapani wengine wana tezi ya ziada ya titi inayovimba karibu na hedhi au wakati wa ujauzito. Na kwapa iliyonyolewa kwa wembe au yenye jipu huvimbisha limfu kwa siku kadhaa.

Kosa kubwa ni kufinya. Ukishika titi kati ya kidole gumba na cha shahada utapata uvimbe kila mara, kwa kila mwanamke mwenye afya, kwa sababu unakusanya tezi mahali pamoja. Titi huguswa kwa sehemu bapa ya vidole vitatu vya kati, umelala chali, mkono wa upande huo nyuma ya kichwa, ukizungusha polepole na kulisukuma titi dhidi ya kifua. Wakati wake ni siku ya 7 hadi ya 10 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi, titi likiwa limepungua kujaa. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya mwezi. Dakika tano hadi kumi zinatosha.

Na hata huko kujigusa kwa ratiba si lazima. Shanghai wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili, kundi moja likafundishwa kujipima vizuri kabisa na kusimamiwa. Baada ya miaka kama 10 vifo vya kansa ya titi vilikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Kilichozidi kwa waliofundishwa ni kuchukuliwa vinyama vya vivimbe visivyo na madhara. Kwa hiyo mwanamke ambaye kujipima kunamtoa usingizi tunamwambia bila kusita: acha ratiba. Yajue matiti yako unapooga, unapopaka mafuta, unapovaa, kama unavyoujua uso wako. Anayeona mwili wake hivyo ataona kinachobadilika.

Mwenye mkono usiotulia aanze kwa kuhesabu. Wiki ya kwanza asibadilishe kitu, aweke tu alama ya mstari kwenye karatasi kila mkono ulipokwenda titini, na herufi ya mahali: K kitandani, B bafuni, D kwenye daladala, J jikoni. Wanaofanya hivi hushangaa, maana aliyedhani anajigusa mara tano kwa siku anakuta mistari thelathini. Wiki inayofuata apunguze hadi nusu, kisha nusu tena, mpaka ibaki mara moja kwa mwezi au asijiguse kabisa nje ya kuoga. Mahali penye mistari mingi ndipo panapotaka kitu mbadala. Kitandani wengine hushika tasbihi au rozari, wengine hulala wamekumbatia mto. Siku nne za mwanzo ni ngumu, hamu ya kugusa inapanda kama ashiki ya kukuna upele. Ukiiacha bila kuitii hushuka yenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa.

Na kama huamini kwamba ni vidole vinavyoleta maumivu, chagua sehemu moja ya paja, ibonyeze kwa nguvu ile ile mara 20 asubuhi na mara 20 jioni kwa siku tatu. Paja litauma pale pale, na pengine litahisi kigumu. Titi ni laini kuliko paja.

Maumivu yenyewe yanahitaji neno. Maumivu bila uvimbe ni nadra kuwa dalili ya kansa. Yanayokuja pande zote mbili, wiki mbili kabla ya hedhi, yakielekea kwapani, ni ya homoni. Yaliyo mahali pamoja muda wote mara nyingi hayatoki titini, hutoka kifuani: misuli na gegedu za mbavu, hasa kwa wanaobeba ndoo, wanaotwanga, wanaofua kwa mikono, wanaobeba mtoto upande mmoja. Jaribu hivi. Lala kwa ubavu ili titi lianguke upande, kisha bonyeza ubavu uliobaki wazi. Ukipata maumivu yale yale unayoyajua, umeyakuta kwenye mfupa. Sidiria inayoshika vizuri bila waya, hata usiku kwa wenye matiti mazito, husaidia wengi. Paracetamol husaidia, na jeli ya diclofenac ya kupaka pia. Vidonge vya ibuprofen mwenye vidonda vya tumbo asivimeze bila kuuliza. Aliyebadilisha njia ya uzazi wa mpango hivi karibuni amwambie mhudumu. Tunachoomba ni kuacha majani ya kubandika na maji ya moto ya kukandia, kwa sababu ngozi ikiungua hugeuka nyekundu na ngumu, na daktari anashindwa kutofautisha moto wako na ugonjwa.

Wengine huhofu kwamba picha yenyewe ndiyo itawaletea kansa. Mamogramu ya matiti yote mawili hutoa mionzi kama milisiveti 0.4, sawa na mionzi ya asili ambayo binadamu hupata ardhini na angani kwa wiki 7 hivi. Kubanwa na mashine huuma kwa sekunde, huweza kuacha uchungu siku moja au mbili, na hakusababishi uvimbe.

Haya yote yasimfanye mtu azibe masikio. Picha safi ni habari ya siku ile iliyopigwa. Kwa hesabu za Marekani mamogramu hukosa takriban kansa 1 kati ya 8, na nyingine huanza kati ya kipimo kimoja na kingine. Kwa hiyo tunawafundisha wanawake swali moja la kujiuliza kila hofu inapopanda: ni kipya, au ni kile kile? Kile kile kilichopigwa picha, kikapewa jina na tarehe, kina miadi yake. Kipya hakina miadi, kinakwenda bila kungoja.

Kipya ni uvimbe mgumu usiokuwepo, ngozi iliyoingia ndani au iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyovutwa ndani ambayo zamani ilikuwa nje, damu au majimaji yanayotoka yenyewe kwenye chuchu moja, kidonda au magamba ya chuchu yasiyopona, uvimbe wa kwapa usio na jipu wala jeraha, au wekundu na joto kwa asiyenyonyesha ambao haujatulia kwa dawa za antibaiotiki. Kwa binti mwenye vinundu vya kawaida tu, si vibaya kungoja hedhi moja ipite aone kama vimelainika. Aliyekoma hedhi asingoje kitu. Na akienda, asianze kwa kusema "nilipimwa nikaambiwa niko salama", kwa maana sentensi hiyo huwalegeza wanaomsikiliza. Aanze na "kuna kitu kipya, kilianza tarehe fulani, kiko hapa".

Hofu hurudi kwa majira. Msiba ni mkubwa kuliko vyote: jirani amezikwa kwa kansa ya titi, na kwenye mkeka wanawake wanasimulia alivyoanza na kauvimbe kadogo tu. Mwezi wa Oktoba, redio na mabango yote yanasema matiti. Ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara elfu. Wiki mbili kabla ya miadi. Ukijua majira hayo unaweza kusema, "nina hofu kwa sababu nimetoka kuzika", na usiende kutafuta sababu kwenye titi. Aliyefiwa na mama au dada wa damu kwa kansa hiyo ana hatari takriban mara mbili ya mwingine, na anastahili mpango wake wa vipimo. Lakini wengi wanaoipata hawana ndugu wa karibu aliyeugua, na zile za kurithi kwa vinasaba ni asilimia 5 hadi 10 tu. Kinachomfanya daktari aulize sana kuhusu ukoo ni ndugu kadhaa, walioanza kabla ya miaka 50, kansa ya matiti yote mawili, ya ovari, au ya titi la mwanamume.

Nyumbani chagua mtu mmoja wa kumwambia kila kitu, mume, dada, shoga wa kweli. Wengine wajue kiasi chao. Shangazi kumi wakiwa na maoni kumi hutalala. Na huyo mmoja umfundishe la kusema. "Usiwaze" humfungia mtu mlango. "Ngoja niguse mimi" humwongezea mkono mwingine wa kubonyeza. Mume mwenye busara huuliza hivi:

"Mama watoto, ni kipya au ni kile kile?"

"Ni kile kile."

"Na tarehe ya kurudi ni lini?"

"Machi, mwishoni."

"Haya, tutakwenda wote."

Inatosha. Mke akirudia hofu ile ile jioni hiyo hiyo, mume ajibu kwa upole kwamba wameshazungumza, ampe kazi ya mikono au watoke nje. Kujibu mara kumi kwa siku huonekana ni upendo, lakini kila jibu hupooza kwa dakika chache tu kisha hudai lingine, kama maji ya chumvi kwa mwenye kiu.

Ipe hofu saa yake. Dakika 15 kila siku, baada ya alasiri kwa mfano, umekaa, si kitandani, na daftari. Andika yote unayoyahofia, hata mabaya kabisa, watoto watabaki na nani, andika. Dakika zikiisha funga daftari. Ikija saa nyingine iambie kesho alasiri. Usiku ikikukaba, vuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, dakika tano, mkono ukiwa tumboni na si kifuani. Chai ya rangi nzito na kahawa ziishie mchana.

Ikipita miezi bado huli, hulali, kazi imeharibika, au umeshazunguka hospitali tatu kwa uvimbe mmoja, basi hofu yenyewe imekuwa ugonjwa unaotibika. Wahudumu hutumia maswali 7 yenye alama 0 hadi 3 kila moja. Jumla ikifika 10 huhitaji kuangaliwa. Wengi wakisikia kliniki ya afya ya akili hufikiria Mirembe au Mathari na kukataa. Hospitali za rufaa zina kliniki hizo kwa watu wanaokuja asubuhi na kurudi nyumbani mchana. Tiba ya mazungumzo huwafaa sana wenye hofu ya namna hii. Zipo pia dawa za kumeza kila siku, ambazo nguvu yake huonekana baada ya wiki 2 hadi 6, kwa hiyo asiyeona nafuu siku ya nne asiziache. Diazepam za kununua dukani hapana: hulaza kwa siku chache kisha mwili huzizoea na kuzidai. Na yeyote anayeanza kufikiri afadhali asiwepo aende siku hiyo hiyo, asiende peke yake.

Ikikaribia miadi ya miezi 6, panga siku hiyo iangukie wiki ile ya baada ya hedhi, titi halitauma sana kubanwa. Vaa blauzi na sketi, au kanga mbili, ili uvue juu tu. Usipake poda, mafuta wala manukato ya kwapani asubuhi hiyo: chembe zake huweza kutokea kwenye picha kama madoa meupe ya chokaa, ukaitwa tena bure. Ukiweza rudi pale pale ulipopimwa mwanzo. Andika maswali yako kwenye kipande cha karatasi: nimepata namba gani, kinaitwaje, kiko wapi kwa kidole chako daktari, nirudi lini kwa kipimo kipi, na nikiona nini nisingoje tarehe hiyo.

Beba picha zote za zamani, si ya mwisho peke yake, pamoja na CD kama ulipewa. Anayesoma hulinganisha mpya na za zamani, maana kitu ambacho hakijabadilika kwa miaka 2 ndicho kinachotoka kwenye 3 na kuandikwa 2. Nyumbani zilaze bapa chini ya godoro au ndani ya kabati, mbali na jua na joto la bati, na tarehe uiandike nje ya bahasha kabla hujaingiza picha, kalamu isije ikachora juu yake.